Umepima pande zote nne? Bado hujaipima ploti

Msomaji mpenzi, ikiwa una ploti, au unachanga pesa chamani ukitumaini kuinunua siku moja, hebu weka kikombe chako cha chai mezani kwanza tuzungumze. Jambo ninalotaka kukusimulia Jumapili ya leo lilitupotezea mimi na baba watoto nafasi ya vyumba vitano, na hadi leo siwezi kumnyoshea mtu yeyote kidole nikasema huyu ndiye mwizi.

Tulinunua ploti ya hamsini kwa mia. Nani asiyeijua hamsini kwa mia? Ndiyo ndoto ya mfanyakazi wa Kenya: futi 50 upande wa barabara, futi 100 kwenda nyuma. Tulikuwa tumesikia visa vya watu waliouziwa hewa, kwa hivyo siku ya kwenda kuiona tulijihami kwa tepu ndefu ya fundi. Baba watoto alishika kichwa cha tepu, mimi nikashika mkia, tukaizunguka ploti kutoka jiwe moja la mpaka hadi jingine huku nyasi zikitulowesha magoti. Mbele, 50 kamili. Ubavu wa kulia, 100. Nyuma, 50. Ubavu wa kushoto, 100. Kijana aliyekuwa akituuzia alisimama kando akitafuna kijiti.

"Mmeridhika, mama?" aliniuliza.

Tuliridhika. Tulilipa, hati ikaja baada ya muda, nami nikaifungia sandukuni pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Miaka mitatu ilipita. Tulipopata vijisenti vya kuchimba msingi, tulimwita fundi mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Ramani ya nyumba ilikuwa tayari: upana wa futi 40 pamoja na baraza, ili kila upande zibaki futi tano za kupitia na kuweka tangi la maji. Arubaini, na tano, na tano, jumla hamsini. Hesabu ya mtoto wa chekechea.

Fundi hakugusa jembe. Aliomba tepu, akamtuma msaidizi wake asimame kwenye jiwe la mbele upande wa kulia, naye akaikata ploti katikati hadi kwenye jiwe la nyuma upande wa kushoto. Futi 130. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa zile pembe mbili nyingine. Futi 90. Akaikunja tepu polepole, kama daktari anayekunja kile chombo chake cha kusikilizia kifua.

"Mama," akasema, "hii ploti yenu imelala."

Mirija minne na uzi

Imelala vipi, ilhali pande zote ni kamili? Nilimuuliza swali hilo kwa ukali kidogo, kana kwamba ni yeye aliyeilaza. Badala ya kunijibu kwa maneno, aliokota vijiti vinne, viwili virefu na viwili vifupi, akavifunga ncha kwa ncha kwa uzi wake wa kupigia msingi. Nawe unaweza kufanya hivyo nyumbani, hata kwa mirija ya kunywea soda. Pitisha uzi ndani ya mirija minne, funga, kisha uilaze mezani ikae kama mlango, pembe zake zote zikiwa zimenyooka sawasawa. Huo ni mstatili. Sasa usukume upande mmoja kwa kidole.

Umeona? Umbo limelala. Hakuna mrija uliorefuka wala uliofupika, na ukiuzungusha uzi nje yake utapata mzingo uleule. Lakini nafasi iliyo katikati imepungua. Endelea kusukuma, inapungua zaidi. Sukuma hadi mwisho, mirija italaliana kama vijiti vya kiberiti, na nafasi yote itakuwa imekwisha. Pande ni zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kiwanja kimetoka kuwa kizima hadi kuwa si chochote.

Sasa fungua, utoe mrija mmoja, ufunge mitatu iliyobaki. Sukuma tena. Haisogei! Itabidi uivunje mirija kabla pembetatu haijabadili sura yake.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha mambo yote ninayoyasema leo. Pembetatu ukishajua urefu wa pande zake tatu umeijua yote: pembe zake, sura yake, ukubwa wake. Lakini umbo la pande nne, tano, sita au zaidi haliwezi kujulikana kwa kupima pande peke yake. Mimi na baba watoto tuliizunguka ploti yetu tukipima pande, tukarudi nyumbani tukiamini tumeipima. Kumbe tulikuwa tumepima ua tu.

Fundi yeye alijua anachokitafuta. Mstari unaotoka pembe moja hadi pembe inayoikabili, yaani ule wa mshazari, unaikata ploti ya pande nne ikawa pembetatu mbili, na pembetatu hazidanganyi. Tena katika mstatili wa kweli mishazari yote miwili huwa na urefu sawa. Kwa ploti ya 50 kwa 100 iliyokaa wima, kila mshazari ungekuwa futi 112 kasoro kidogo. Sisi tulipata 130 na 90. Tofauti ya futi arubaini! Mtu yeyote mwenye tepu angeigundua kwa dakika tano, siku ileile ya kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi.

Hesabu iliyoninyima usingizi

Usiku ule nilikaa mezani na simu yangu, ile sehemu ya kikokotoo, nikajaribu kujua hasara yetu ni kiasi gani. Kanuni niliyoitumia ni ya kale. Ilielezwa na Heron, bwana mmoja wa mji wa Alexandria huko Misri aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo, na uzuri wake ni kwamba inahitaji pande tatu tu. Haitaki pembe wala chombo cha kupimia pembe.

Nilichukua nusu ya ploti, pembetatu ya futi 50, 100 na 90. Jumlisha pande zote: 240. Gawa kwa mbili: 120. Kutoka kwenye hiyo 120 ondoa kila upande kwa zamu yake, utapata 70, 20 na 30. Sasa zidisha zote nne, yaani 120 mara 70 mara 20 mara 30. Jibu ni 5,040,000. Tafuta kipeuo chake cha pili, utapata 2,245 hivi. Hizo ndizo futi mraba za nusu moja. Nusu ya pili ina vipimo vilevile, kwa hivyo ploti nzima ni futi mraba 4,490.

Sikuamini. Nikarudia kwa kutumia ule mshazari mrefu: 50, 100 na 130. Jumla 280, nusu yake 140, na baada ya kuondoa nikabaki na 90, 40 na 10. Nikazidisha. Zikatoka 5,040,000, tarakimu zilezile. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimetumaini kuwa fundi alishika tepu vibaya.

Hamsini kwa mia iliyokaa wima ni futi mraba 5,000. Yetu ilipungua 510. Chumba cha kulala cha futi kumi kwa kumi ni futi mraba 100. Basi hesabu mwenyewe tulikuwa tumelaliwa vyumba vingapi. Na upana wenyewe, ule wa kweli unaopimwa kwa kukata moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, haukuwa 50 tena bali chini kidogo ya 45. Nyumba ya futi 40 ingeingia, ndiyo, lakini ingebakisha futi mbili na nusu hivi kila upande. Huwezi kupitisha wilibaro hapo.

Nilipofungua sanduku kutafuta wa kulaumu, nilikutana na hati yetu. Imeandikwa ukubwa kwa hekta: 0.0417. Hekta moja ni mita mraba 10,000, kwa hivyo hiyo ni mita mraba 417, na mita mraba moja ni futi mraba kumi na robo tatu hivi. Zidisha: unarudi palepale kwenye 4,490. Hamsini kwa mia kamili ingesoma karibu 0.0465. Ukweli ulikuwa umelala sandukuni mwangu miaka mitatu, umeandikwa kwa wino, nami sikuusoma kwa sababu macho yangu yamezoea futi na ekari.

(Naomba nipenyeze jambo hapa. Ukiambiwa ploti ya 50 kwa 100 ni sehemu moja ya nane ya ekari, jua umeongezewa chumvi. Ekari ni futi mraba 43,560. Ukiigawa kwa nane unapata 5,445. Hata hamsini kwa mia iliyo sawa kabisa haifiki hapo. Nafasi inayobaki ndiyo huwa barabara, na barabara huwezi kuipandia mahindi.)

Ukoo wa maumbo

Haikupita hata wiki moja kabla binti yangu wa gredi ya sita hajaja na kazi ya ziada ya maumbo. "Mama, eti mraba ni mstatili?" Nilimjibu kwa ujasiri wa mzazi aliyesoma: la, mraba ni mraba na mstatili ni mstatili. Kesho yake daftari lilirudi na alama ya kosa. Yangu, si yake.

Mstatili ni umbo la pande nne ambalo pembe zake zote ni pembe mraba, kama pembe ya kitabu. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Mraba nao una pembe mraba nne, kwa hivyo mraba ni mstatili, ila ni mstatili ambao pande zake zote zinalingana. Yafikirie maumbo haya kama watu wa ukoo mmoja. Kila mraba ni wa nyumba ya mstatili. Kila mstatili ni wa mlango wa msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazokabiliana zinakwenda sambamba, hazikutani hata ukizirefusha hadi Kisumu. Kila msambamba ni wa kabila la maumbo ya pande nne, na hayo ni sehemu ya taifa kubwa la poligoni, maumbo yote yaliyozingirwa na mistari iliyonyooka. Lakini huwezi kurudi kinyume. Si kila mtu wa ukoo wenu ni ndugu yako wa tumbo moja.

Ndipo nilipoelewa. Ploti yetu ilikuwa msambamba, nasi tuliinunua kwa bei ya mstatili. Yule kijana alitutajia pande, akasema kweli. Pembe hakuzitaja, nasi hatukuuliza. Na msambamba hupatikana kwa urahisi sana mahali ambapo barabara inakata shamba kwa mshazari: ploti zote za mbele zinakaa kando ya barabara kama vitabu vilivyoegemea ukuta.

Kuhusu pembe zenyewe, kuna mchezo mmoja nilioufanya na binti yangu ambao unastahili kujaribiwa na kila mzazi. Kata pembetatu yoyote kwenye karatasi, nyembamba au nene, ovyo unavyotaka. Chana pembe zake tatu, kisha uzipange ubavu kwa ubavu, ncha zikikutana. Zitafanya mstari ulionyooka kila mara, yaani digrii 180. Umbo la pande nne ni pembetatu mbili zilizoshikana, kwa hivyo pembe zake zina jumla ya 360. Pande tano ni pembetatu tatu, 540. Pande sita, 720. Wapimaji ardhi hulitumia jambo hili kujikagua: wakimaliza kuzunguka shamba la pembe tano na jumla ya pembe ikakataa kufika 540 kwa tofauti kubwa, wanajua kuna mahali chombo kilisomwa vibaya, wanarudi.

Kwa nini baiskeli haianguki vipande

Ukishaijua tofauti ya pembetatu na maumbo mengine, huwezi kutembea mtaani bila kuiona. Tazama geti la mbao lililopigiliwa pande nne peke yake. Mwaka haupiti kabla halijaanza kuburuta mguu mmoja chini. Fundi anayejua kazi huongeza ubao mmoja wa mshazari, kutoka pembe ya chini kwenye bawaba hadi pembe ya juu ya upande wa pili, na geti hilo litakaa hadi liliwe na mchwa. Tazama mbao za paa, tazama nguzo za chuma zinazobeba nyaya za umeme kuvuka nchi, tazama fremu ya ile Black Mamba ya babu iliyobeba magunia ya viazi na mitungi ya maziwa. Kote humo utakuta pembetatu zimeshikana.

Na fundi akitaka kupata pembe mraba ya msingi bila chombo chochote cha maana, hurudi kwa pembetatu hiyohiyo. Anavuta nyuzi mbili zinazokutana kwenye pembe. Katika uzi mmoja anaweka alama kwenye futi tatu, katika wa pili futi nne. Kisha anapima kati ya alama na alama. Ikiwa ni futi tano kamili, pembe imekaa sawa. Ikizidi au ikipungua, anausogeza uzi. Kwa nyumba kubwa hutumia sita, nane na kumi ili kosa lionekane vizuri. Ukiwa unajenga, msomaji, nenda siku ya kupigwa msingi umwambie fundi akuonyeshe hiyo tano. Usione haya. Nyumba isiyo na pembe mraba utaijua siku ya kuweka vigae sakafuni, na siku hiyo utakuwa umechelewa.

Makuhani wa Misri nao walipotea hapa

Usidhani ni mimi na baba watoto tu. Neno jometria lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kupima ardhi. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne ya tano kabla ya Kristo, aliandika kwamba elimu hiyo ilianzia Misri, ambako mto Nile ulikuwa ukimega mashamba ya watu na wapimaji wakatumwa kuangalia kipande kilichopotea ili kodi ipunguzwe.

Hata hivyo, katika kuta za hekalu la Edfu, kusini mwa Misri, lililojengwa kati ya mwaka 237 na 57 kabla ya Kristo, imechongwa orodha ya mashamba ya hekalu na ukubwa wake, na namna ya kuupata ni hii: chukua pande mbili zinazokabiliana, zijumlishe, gawa kwa mbili, fanya hivyo kwa zile mbili nyingine, zidisha. Inasikika kama busara, sivyo? Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo tukiachiwa shamba lenye pande zisizolingana. Lakini kanuni hiyo hutoa jibu sahihi kwa mstatili peke yake. Kwa umbo jingine lolote la pande nne inazidisha, haipunguzi kamwe. Ploti yetu iliyolala ingepimwa na makuhani wa Edfu wangeiandika 5,000 bila kupepesa macho. Na mkulima anayetozwa kodi kwa kipimo hicho angekuwa akilipia udongo asiokuwa nao.

Kuna jambo jingine linalokwenda sambamba na hili, nalo ni la seng'enge. Mzingo wa hamsini kwa mia ni futi 300. Kwa seng'enge hiyohiyo ya futi 300 ungeweza kuzungushia mraba wa 75 kwa 75, ukapata futi mraba 5,625. Ukizungushia umbo la pande sita zilizo sawa, kila upande futi 50, unapata karibu 6,495. Na ukizungusha duara, karibu 7,160! Sisemi kwamba wazee walikaa na kikokotoo, lakini boma la duara la Wamasai linazingira ng'ombe wengi kuliko boma la umbo jingine lolote lililojengwa kwa miiba ileile. Nyuki naye hawezi kutumia duara, kwa sababu maduara yakipangwa huacha mianya kati yake. Katika maumbo yenye pande sawa na pembe sawa, ni pembetatu, mraba na lile la pande sita tu yanayoweza kupangwa bila mwanya, na la pande sita ndilo linalobeba zaidi kwa nta ileile. Yeye alichagua hilo.

Shamba la pembetatu na ndugu wawili

Najua kuna msomaji ambaye hana habari na ploti, lakini nyumbani kuna shamba la marehemu linalosubiri kugawanywa. Hapa ndipo macho huponza watu. Ndugu wawili wakipewa vipande vyenye mzingo sawa hawajapewa ardhi sawa, kama tulivyoona. Na ndugu wawili waliopewa vipande visivyofanana hata kidogo wanaweza kuwa wamepewa sawa kabisa.

Chukua shamba la pembetatu, mathalani lililo pana barabarani na linalochongoka hadi mtoni. Tafuta katikati ya upande wa barabara, vuta kamba hadi kwenye ile pembe ya mtoni. Umeligawa nusu kwa nusu, hata kama kipande kimoja kinaonekana chembamba na kirefu, na mke wa mdogo mtu anaapa kwamba wameonewa. Vipande vyote viwili vina kitako kimoja na kina kimoja kutoka barabarani, kwa hivyo haviwezi kuzidiana. Ila hesabu haijui kiu ya ng'ombe: kwa mgawanyo huo wote wawili wanaufikia mto kwenye ncha tu, na huenda wazee wakaamua afadhali mmoja apate kidogo chenye maji na mwingine kikubwa kisicho na maji. Hilo ni la baraza, si la tepu.

Wala kamba yako haitoshi mbele ya sheria. Mipaka rasmi huwekwa na mpimaji ardhi mwenye leseni, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba ramani ya ardhi huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo daftari la usajili limeandikwa kuwa mipaka hiyo imethibitishwa. Kwa hivyo tepu yako ni ya kukufumbua macho kabla ya kulipa. Pima pande nne, pima mishazari miwili, na ikiwa haifanani, kaa chini na Heron. Ikiwa shamba lina pembe tano au sita, likate pembetatu kutoka pembe moja, pima kila mstari, kisha jumlisha. Halafu ulinganishe na hekta zilizo kwenye hati. Pesa zikiwa bado mfukoni mwako, hata msambamba ni ploti nzuri, mradi uulipie kama msambamba.

Sisi tulikuwa tumeshalipa. Fundi alitushauri tukate futi tano za upana, na zilizokatwa ni zile za baraza, mahali nilipokuwa nimejiona nimekaa jioni nikichambua sukuma wiki. Nyumba ya futi 35 ikaingia vizuri, ikabakisha futi tano kasoro kidogo kila upande. Mbele, pale barabara inapokata mshazari, tulibaki na pembetatu ambayo haifai kujengwa chochote, kwa hivyo sukuma wiki yenyewe iko hapo. Pembetatu ya nyuma baba watoto aliijengea banda la kuku la pembe tatu, la kwanza kuonekana mtaani kwetu. Majirani walilicheka sana. Mvua kubwa na upepo wa Aprili viling'oa mabanda mawili ya jirani, ya pande nne. La kwetu bado liko.